Mpira upi?
Fundi akisema “mpira wa juu umechoka”, mwenye gari dogo anaelewa mara moja: rejeta ina mpira wa juu na wa chini, basi. Kwenye Volkswagen T3, ambayo wengi Ulaya waliigeuza nyumba ya safari, lugha hiyo haitoshi. Injini zake za petroli zilianza kupozwa kwa maji mwaka 1982. Injini iko nyuma, rejeta mbele, na maji hupita kwenye mabomba marefu chini ya sakafu. Hapo taja mpira unatoka wapi, unaingia wapi. Lakini neno “kuchoka” nalipenda mno. Injini ikishapoa, bonyeza mpira uliochoka: umevimba karibu na klipu, laini kama embe bovu, au umekakamaa na kujaa nyufa.