Miguu ya Jeshi: Hatua ya Askari wa Shaba

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, Mtaa wa Samora unapokutana na Mtaa wa Azikiwe, yupo askari wa shaba nyeusi aliyetanguliza mguu mmoja, bunduki mikononi, singe ikielekea bandarini. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, iliyozinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika vita vya 1914–1918.

Maana ya hatua ile huanza na sanamu iliyoitangulia. Wajerumani walikuwa wamemsimamisha mjini humo gavana wao, Hermann von Wissmann, na chini yake wakamweka askari Mwafrika akimtazama bwana wake. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa sanamu hiyo, nayo hatimaye ikapelekwa Hamburg. Stevenson alimpandisha askari juu ya jiwe, peke yake, akitazama mbele. Wissmann hayupo tena juu yake, ingawa mfalme aliyepiganiwa alikuwa bado wa ng'ambo.

Hata hivyo, hatua ile ni ya mshambulizi, na wengi waliotembea katika vita hivyo hawakushika bunduki. Mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo, hivyo risasi na unga vilisafiri vichwani mwa watu. Wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, walikwenda mamia ya maili nyuma ya majeshi. Njaa, malaria na kuhara damu viliwaua kuliko risasi. Kwa upande wa Waingereza pekee, idadi inayotajwa mara nyingi ni wapagazi 95,000 hivi waliokufa, na wanahistoria wengi huiona kuwa ndogo kuliko hali halisi.

Maandishi ya mnara, yaliyotungwa na Rudyard Kipling na kuwekwa kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Yanaahidi pia kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Lakini juu ya jiwe hakuna orodha ya majina, na miguu iliyosimama juu yake ni ya askari. Nairobi, katika mnara wa 1928 wa mchongaji huyohuyo, mpagazi amepewa umbo la shaba. Dar es Salaam, aliyesimama juu ya jiwe ni askari peke yake.

Kumbukumbu yake pana zaidi mjini humo haikutoka kwa mchongaji. Imo katika jina Kariakoo, ambalo wenyeji walilifinyanga kutokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, kambi yao ilipokuwa. Maelfu hulitamka kila siku wakienda sokoni. Atakayeisoma sanamu ya Samora kwa ukamilifu, basi, na atembee pia hadi Kariakoo. Hatua ya shaba inasimulia jinsi dola ilivyopenda vita vyake vikumbukwe, na jina la soko linatuambia ni nani aliyeibeba mizigo yake.