Kutoka Redio hadi Kompyuta: Lugha za Nyumbani Ziko Wapi?

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Sisi wa wakati ule mashine yetu ya kujifunzia lugha ilikuwa redio. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wazima walikaa vikundi vikundi kuizunguka: wakasikiliza, wakasoma kijitabu, wakajadiliana. Hivyo waliojua kusoma karibuni hawakusahau.

Wakati huohuo TUKI walikuwa wakikusanya maneno, na mwaka 1981 ikatoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mwaka 2004 zikapatikana programu za kompyuta za Kiswahili, Jambo OpenOffice, kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kompyuta haikujifunza Kiswahili yenyewe. Ilifundishwa na watu.

Je, nani ataifundisha Kimatengo cha milima ya Mbinga, au Kimpoto na Kinyasa cha ufukoni? Kimatengo kina irabu saba. Ukikiandika kwa tano za Kiswahili, maneno huchanganyika. Lakini simu hunasa sauti zote.

Basi, wadogo zetu, likizo ijayo kaeni na wazee. Rekodini wanavyoeleza kilimo cha ngoro na uvuvi wa usipa. Andikeni kijiji na tarehe, mlete shuleni. Sisi wakubwa tuchangie mahali pa kuzihifadhi. Wazee hawatungoji.