Mizizi ya Mvinyo wa Haro

Leo tuzungumzie shamba la mizabibu liitwalo Viña Tondonia, lililoko ukingoni mwa mto Ebro, karibu na mji wa Haro, katika mkoa wa Rioja, kaskazini mwa Hispania. Lina zaidi ya hekta 100, na mpaka leo ni mali ya ukoo ule ule uliolianzisha. Mvinyo mweupe kwa kawaida hunywewa ungali mchanga. Lakini ule wa daraja la juu wa Tondonia hukaa katika mapipa ya mbao ya mwaloni yapata miaka 10, kisha hutiwa chupani na kuachwa tena. Huzeeka bila kuharibika.

Basi, sikilizeni uzee huo ulikotoka. Miaka ya 1860 mdudu mdogo sana, filoksera, aliingia Ufaransa pamoja na miche iliyoletwa kutoka Marekani. Kazi yake ni kufyonza mizizi. Mzabibu unanyauka na mwenye shamba hamwoni adui, maana yuko chini ya udongo. Ukija kuung'oa, mdudu keshahamia kwa jirani. Mwaka 1874 serikali ya Ufaransa ilitangaza zawadi ya faranga 300,000 kwa atakayegundua dawa. Watu walifurikisha mashamba kwa maji, wakafukiza dawa ardhini, lakini gharama hizo mkulima mdogo hakuziweza.

Wanunuzi wa Kifaransa wakavuka mpaka kutafuta mvinyo Rioja, na biashara ikastawi. Ni wakati huo, mwaka 1877, Rafael López de Heredia alipoanzisha kiwanda chake pale Haro. Lakini wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mwaka 1899 mdudu akaonekana Rioja kwenyewe.

Kilichookoa mashamba ni kubebesha. Mizabibu ya Marekani imemzoea mdudu huyo. Akiiuma, mizizi yake huziba jeraha. Wakulima wakachukua shina la Kimarekani likawa la chini, juu yake wakabebesha kikonyo cha mzabibu wao. Mizizi ya mgeni, matunda ya mwenyeji. Ni kama sisi tunavyobebesha mchungwa juu ya mche wa mlimau. Rioja ikapandwa upya kwa njia hiyo, na mwaka 1913 López de Heredia akaanza kupanda Tondonia.

Ndugu mkulima, asiye na shamba hana cha kuweka pipani. Mvinyo wa miaka 10 unasubiriwa kwa sababu kila mwaka mizabibu inazaa mingine. Na kumbuka kwamba balaa lile lililetwa na miche, likiwa limejificha mizizini. Kwa hiyo ukipewa miche ya migomba, ya mihogo au ya matunda, usifurahie majani tu. Uliza imetoka shamba gani, kagua mizizi, na ukiwa na shaka mwite bwana shamba kabla hujachimba shimo.