Dira za kale za kijeshi zingali kivutio kwa wapanda milima

UKUNGU unaposhuka mlimani na njia kupotea machoni, mpanda mlima hubaki na vitu viwili vya kutegemea: ramani na dira. Licha ya kuenea kwa simu zinazotumia setilaiti, wapo ambao hadi leo hubeba dira za prizimu zilizoundiwa wanajeshi wa Uingereza wakati wa vita viwili vikuu vya dunia.

Dira hizo ni nzito, zimeundwa kwa shaba ya manjano na hutoshea kiganjani. Kinachozitofautisha na dira za kawaida ni prizimu, yaani kipande cha kioo chenye pembe tatu kilichofungwa ukingoni.

Mtumiaji huinua dira hadi jichoni na kulenga kilele au mti wa mbali kupitia mstari mwembamba ulio kwenye dirisha la kifuniko. Papo hapo, prizimu humwonyesha digrii zilizoandikwa kwenye kisahani kinachozunguka pamoja na sumaku. Nambari hizo huandikwa kinyume, mithili ya maandishi yanayoonekana katika kioo cha kujitazamia, ili prizimu izigeuze na kuzikuza.

Bila prizimu, mtu hulazimika kutazama anakolenga, kisha kuinamia dira ili asome. Mkono ukisogea kidogo, kipimo huharibika. Kosa la digrii 5 humpotosha mtu kwa takriban mita 87 katika kila kilomita, umbali unaotosha kumfikisha gengeni badala ya kambini.

Hataza ya dira ya aina hii ilitolewa mwaka wa 1812 jijini London kwa Charles Schmalcalder, fundi wa vyombo vya kupimia. Baadaye, afisa wa jeshi la Uingereza, Willoughby Verner, aliiboresha. Dira zilizopewa jina lake zilitumika sana katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1914 na 1918.

Nyingi zilipakwa rangi yenye radiamu iliyong'aa gizani. Afisa aliweza kuongoza askari usiku bila kuwasha taa ambayo ingewafichua kwa adui.

Katika Vita vya Pili vya Dunia ilitumika dira ya Mark III, ambayo ilijazwa umajimaji. Umajimaji huo hutuliza kisahani upesi badala ya kukiacha kikiyumbayumba.

Mvuto wa dira hizi kwa watembeaji wa leo si historia pekee. Hazihitaji betri wala mawimbi ya simu, na iliyotunzwa vyema ingali hupima kwa usahihi. Nyingi zina mhuri wa mshale wa serikali ya Uingereza, jina la kiwanda na mwaka wa kuundwa.

Hata hivyo, si kila dira ya kale inayofaa kukabidhiwa uhai wa mtu. Radiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600, na hivyo rangi iliyokoma kung'aa ingali inatoa mnururisho. Ni hatari kuifungua dira kama hiyo au kuikwaruza rangi, kwani vumbi lake likivutwa au kumezwa hudhuru mwili.

Aidha, mahali dira iliposawazishiwa ni muhimu. Barani Ulaya, sumaku ya dunia huvuta chini ncha ya kaskazini, na mafundi huongeza uzito upande wa kusini. Ikweta ya sumaku hupita upande wa kaskazini, nje ya mipaka ya Kenya. Kwa hivyo, dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya ikipandishwa Mlima Kenya, kisahani chake huinama upande wa kusini na huenda kikakwama.

Dira hupimwa kwa urahisi kabla ya safari, mbali na simu, visu na magari. Mtu hulenga kutoka sehemu moja hadi nyingine, kisha hurudia kutoka upande wa pili. Vipimo hivyo viwili vinapaswa kutofautiana kwa digrii 180. Visipotofautiana hivyo, au kisahani kikisitasita kuzunguka, chombo hicho kibaki nyumbani kama kumbukumbu.

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Mlimani, dhahabu hiyo ni sharti ipimwe kwanza.