Kifaa cha USB kilichosoma Ebola, na kazi iliyofanywa kabla hakijauzwa

Tarehe 22 Agosti 2022 serikali ilitangaza kwamba Ebola imerudi Beni. Aliyethibitishwa alikuwa mtu mmoja tu, lakini mitaani na kwenye kambi za waliohama makwao swali lilikuwa moja: ugonjwa huu umetoka wapi tena? Wataalamu wa INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, walisoma virusi vyenyewe wakakuta ni uzao wa mlipuko wetu wa 2018 hadi 2020. Havikutoka porini upya.

Kusoma virusi maana yake ni kufuata herufi zake za urithi. Ebola ina karibu herufi 19,000, na inapopita kutoka mtu hadi mtu baadhi huweza kubadilika. Anayezisoma huona nani ni ndugu wa nani. Zamani kazi hiyo ilitaka mashini kubwa katika maabara kubwa. Leo nawaletea, wasikilizaji wetu, historia ya kifaa kimoja kilichotoa kazi hiyo humo na kuipeleka karibu na mgonjwa.

Kinaitwa MinION. Kinatengenezwa na kampuni ya Oxford Nanopore ya Uingereza. Ni chepesi, kinakaa kiganjani, na umeme wake kinaupata kwenye kompyuta kwa waya wa USB, kama flashi tunazobebea sauti studioni. Ndani yake kuna vitundu vidogo mno. Uzi wa urithi ukipita katika kitundu, mkondo wa umeme hutikisika, na kompyuta hugeuza mtikisiko huo kuwa herufi.

Hapo kwenye kugeuza ndipo kazi ilipo. Sisi wa redio tunajua: unachomeka rekoda mpya, taa inawaka, lakini kompyuta inakaa kimya. Inakosa piloti, wengine husema draiva, yaani programu inayosimama kati kama mkalimani kati ya bibi asemaye Kinande tu na mganga aliyetoka Kinshasa. Tangu USB ilipotoka mwaka 1996, kila kifaa kinapochomekwa hutaja namba mbili: ya mtengenezaji na ya kifaa chenyewe. Kwa namba hizo kompyuta humtafuta piloti wake. Windows za siku hizi humkataa piloti asiye na sahihi inayotambulika, kwa kuwa piloti mbaya anaweza kuharibu kompyuta nzima. Kwa hiyo kifaa kuwaka mbele ya fundi aliyekiunda bado si kifaa kilicho tayari.

Oxford Nanopore walilijua hilo kwa kuchelewa. Mnamo Februari 2012 walitangaza MinION na kusema itauzwa mwaka huo huo. Mwaka ukaisha, haikuuzwa. Mwaka 2014 waliigawa kwanza kwa maabara zilizokubali kuijaribu. Watumiaji hao waliripoti kasoro, na kampuni ikaendelea kubadilisha kemikali na programu. Mwezi wa tano 2015 ndipo ilipofunguliwa kwa wanunuzi wote.

Jaribio kubwa lilikuwa Guinea, wakati wa Ebola ya Afrika Magharibi. Mwaka 2015 watafiti walisafirisha maabara nzima kwa ndege, mizigo isiyozidi kilo 50, wakasoma virusi kutoka sampuli 142. Sampuli nyingine zilipata jibu chini ya saa 24. Lakini shida mbili zilijitokeza ambazo kila mtu wa Butembo angeweza kuzitabiri. Umeme ulikatika. Na programu ya kugeuza mtikisiko kuwa herufi ilikuwa mbali, kwenye intaneti, hivyo data ilibidi itumwe kwa mtandao wa simu uliokuwa dhaifu. Kifaa kilifika kijijini, mkalimani wake alibaki ng'ambo! Baadaye programu hiyo iliwekwa ndani ya kompyuta yenyewe, ili kazi iweze kufanyika hata mtandao ukikatika.

Wazo lile lile, kusoma virusi mlipuko ukiwa bado unaendelea, lilifika kwetu. Katika mlipuko wa 2018 hadi 2020, uliochukua zaidi ya watu 2,200 katika Kivu Kaskazini na Ituri, INRB iliweka mfumo wake na kusoma virusi 744. Ukijumlisha na vilivyokuwa vimesomwa kabla, ni karibu robo ya wagonjwa wote waliothibitishwa. Hazina hiyo ndiyo iliyowezesha jibu la Beni mwaka 2022.

Nasema haya kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wanaounda vifaa wasiharakie kuuza. Wampe mtu mwingine, mahali ambapo umeme hukatika, wasikie analalamika nini. Pili, jibu la mashini nalo linataka mkalimani. Uzao wa virusi unaonyesha njia, hauonyeshi mkosaji. Virusi vinaweza kujificha mwilini mwa aliyepona miezi mingi, yeye mwenyewe hajui. Huyo ni jirani wa kusindikizwa kwenye matibabu, si wa kufukuzwa mtaani. Piloti wa habari hiyo ni sisi, mimi ninayeandika na wewe utakayemsimulia mwenzako.