Historia ya Changarawe na Mimea Isafishayo Maji

Leo hatutasoma habari za wafalme wala za vita. Tutasoma habari za changarawe, mimea ya majini na utelezi. Msicheke. Mtaona kwamba kwa ajili ya utelezi huo watu wa mji mmoja walipona, na watu wa mji wa jirani wakafa kwa maelfu.

Tuanze nyumbani. Fikiri kwamba umechimba bwawa dogo katika bustani yako, ukatia perege kumi. Wiki ya kwanza maji ni maangavu. Baada ya muda maji yanakuwa ya kijani, yananuka, na samaki wanapanda juu kutafuta hewa. Jirani yako anakushauri: weka changarawe, panda mimea, maji yapite humo polepole. Unafuata shauri lake, na baada ya wiki kadhaa maji yanatakata.

Sasa nawauliza: ni nini kilichosafisha maji hayo? Wengi watajibu kwamba mawe yamezuia uchafu, kama kifumbu kizuiavyo machicha ya nazi. Jibu hilo ni kweli, lakini ni nusu tu. Dunia ilikaa na nusu hiyo kwa miaka mingi kabla ya kuipata nusu ya pili.

Bwana Gibb wa Paisley

Mwaka 1804, katika mji wa Paisley, Uskoti, alikuwako mtu aitwaye John Gibb. Alikuwa na kiwanda cha kung'arisha vitambaa. Mjuavyo, nguo nyeupe haitakati kwa maji ya tope. Basi Bwana Gibb akayapitisha maji ya mto katika mawe, kisha katika changarawe na mchanga. Yakatoka maangavu. Maji yaliyozidi mahitaji ya kiwanda akawauzia watu wa mji.

Mwaka 1829 mhandisi James Simpson alijenga chujio kubwa la mchanga huko Chelsea, London, kwa ajili ya maji ya mto Thames. Juu alitandaza mchanga, na chini yake changarawe. Maji yalishuka polepole sana. Mtindo huo ukaenea katika miji mingi. Lakini wajenzi hao waliangalia jambo moja tu: maji yawe maangavu. Habari za vijidudu vya maradhi zilikuwa hazijajulikana bado.

Waliokuwa wakifanya kazi katika machujio waliona jambo la ajabu. Chujio jipya halikuchuja vizuri. Lilipokaa siku nyingi likaota utando wa utelezi juu ya mchanga, ndipo lilipochuja vizuri. Kwa nini uchafu usaidie kuondoa uchafu?

Bomba la mchanga la Wafaransa wawili

Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walifanya jaribio. Walijaza mchanga katika bomba, wakatia maji machafu ya choo yapite humo taratibu. Maji hayo yalikuwa na amonia. Amonia ndiyo ile harufu inayokuchoma puani ukiingia katika choo kibovu. Samaki nao huitoa katika miili yao, nayo ikizidi bwawani huwaua.

Siku za kwanza amonia iliingia na amonia ikatoka. Baada ya siku kama 20 mambo yakabadilika. Amonia ilianza kupungua, na mahali pake ikatoka nitrati, chumvi iliyo kama mbolea kwa mimea. Kisha wataalamu hao wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa ya kulevya waliyotumia madaktari siku zile. Mara kazi ikasimama, na amonia ikatoka kama kwanza!

Hebu fikirini. Jiwe halileweshwi. Kilicholeweshwa ni kitu chenye uhai. Basi ndani ya mchanga mlikuwa na viumbe hai, vidogo visivyoonekana kwa macho, vilivyokuwa vikila uchafu na kuugeuza. Mawe yalikuwa nyumba yao tu, na wenye kazi walikuwa wapangaji.

Miji miwili, mto mmoja

Sasa twendeni Ujerumani, mwaka 1892. Kando ya mto Elbe palikuwa na miji miwili iliyopakana, Hamburg na Altona. Hamburg ulikuwa mji tajiri wenye bandari kubwa. Uliteka maji ya mto upande wa juu na kuyaleta majumbani bila kuyachuja. Mwaka 1885 mtaalamu wa wanyama alikuwa amechunguza mabomba ya mji huo, akakuta humo konokono na hata mikunga. Serikali ya mji ilikuwa imeanza kujenga machujio, lakini kazi ilikuwa haijaisha.

Altona haukuwa tajiri kama jirani yake. Tena uliteka maji upande wa chini, baada ya mto kupokea uchafu wa vyoo vya Hamburg. Ungedhani watu wa Altona ndio watakaokufa kwanza. Lakini Altona ulikuwa na machujio ya mchanga.

Mwezi wa Agosti kipindupindu kikaingia. Kwa muda wa miezi michache watu karibu 8,600 walikufa Hamburg. Katika Altona waliokufa walikuwa wachache sana. Mpakani palikuwa na mitaa ambayo nyumba za upande mmoja zilipata maji ya Hamburg, na za upande wa pili maji ya Altona. Hewa ilikuwa moja na udongo mmoja, lakini kipindupindu kilifuata maji. Palikuwa na kiwanja kimoja ndani ya Hamburg ambacho nyumba zake zilipata maji ya Altona. Nyumba hizo ziliepukana na maradhi.

Daktari Robert Koch, aliyechunguza mambo hayo, alieleza kwamba kazi kubwa ya kuchuja haikufanywa na mchanga wenyewe, bali na ule utando wa utelezi. Mwaka 1893 machujio ya Hamburg yakaanza kazi. Walioyahitaji mwaka mmoja kabla walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Mimea inaingia kazini

Je, na mimea? Katika miaka ya 1950 mtaalamu mwingine wa Ujerumani, Bibi Käthe Seidel, alianza kujaribu mimea ya majini kama matete. Aliipanda katika changarawe, akapitisha maji machafu kwenye mizizi. Wenzake wengi walitia shaka, lakini yeye hakuacha. Leo vitalu vya changarawe na matete vinasafisha maji machafu katika nchi nyingi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamevijaribu pia.

Mimea hufanya kazi tatu. Mizizi yake huwapa viumbe wale nyumba zaidi, na huwaletea hewa kidogo. Tena mmea hula ile nitrati. Kama hakuna mmea wa kuila, huliwa na mwani wa kijani, na ndipo bwawa linapogeuka rangi.

Mungu alikwisha kuweka chujio la namna hii kwetu Afrika Mashariki kabla ya Bibi Seidel. Huko Kampala, maji machafu ya mji hupita katika kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia Ziwa Viktoria. Mafunjo ya hapo huelea, na mizizi yake hufanya kazi ya changarawe. Watu wamekata sehemu kubwa ya mafunjo wapate kupanda magimbi na kujenga. Lakini maji ya kunywa ya mji hutekwa katika ghuba ile ile ya ziwa. Akataye mafunjo anavunja chujio lake mwenyewe.

Turudi bwawani

Sasa rudi katika bustani yako. Kando ya bwawa tengeneza kitalu cha changarawe, uipande matete. Maji yapite humo polepole, bila kukoma, kisha yarudi kwa samaki. Katika sehemu yenye kina panda yungiyungi. Mizizi yake hukaa chini, na majani yake hutia kivuli juu, mwani usipate jua jingi. Lakini usifunike bwawa lote. Wala usipande magugumaji, maana yakitoroka yataziba mito na maziwa.

Usitie samaki wengi mara moja. Ngoja wiki kadhaa mpaka changarawe iote utelezi. Ukiona utelezi huo, usiusugue kwa sabuni wala kwa maji ya moto, maana utaua wafanyakazi wako. Tope likizidi, suuza changarawe kidogo kidogo kwa maji ya bwawa lenyewe. Matete yakizeeka yakate uyatoe nje, kwani yakioza majini uchafu unarudi.

Na neno la mwisho, nalo ni kubwa. Maji yanayomfaa samaki si lazima yakufae wewe. Watu wa Hamburg waliyaona maji bombani wakadhani ni salama. Maji ya bwawa, hata yang'ae kama kioo, usinywe. Chemsha ndipo unywe.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini chujio jipya halichuji vizuri kama la zamani?
2. Klorofomu iliwafundisha nini Schloesing na Müntz?
3. Altona uliteka maji machafu zaidi kuliko Hamburg. Kwa nini watu wake walipona?
4. Kijijini kwenu kuna kinamasi? Maji yake yanatoka wapi, na yanakwenda kwa nani?

Swali la nne jibuni kwa pamoja, mkaangalie wenyewe. Kwa herini, mpaka somo lijalo.