Tembe (nyumba)

Tembe ni aina ya nyumba ya jadi yenye umbo la mstatili na paa bapa la udongo. Hupatikana hasa katika nyanda kame za Tanzania ya kati. Wajenzi wake wanaojulikana zaidi ni Wagogo wa mkoa wa Dodoma, lakini ilijengwa pia na Warangi, Wasandawe na Wahehe. Wairaqw wa Mbulu waliichimba nusu ndani ya mteremko wa kilima ili wavamizi wa mifugo wasiione kwa urahisi.

Ujenzi

Nguzo za miti migumu husimikwa ardhini na kubebeshwa boriti. Kuta hufungwa fito, kisha hukandikwa udongo, mara nyingi uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe. Juu ya boriti hupangwa fito na nyasi, halafu tabaka nene la udongo. Paa la namna hii lisingedumu Bukoba au Tukuyu. Ugogoni, ambako kuna msimu mmoja tu wa mvua na wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, linafaa, mradi mwenye nyumba alikarabati kabla mvua hazijaanza.

Udongo hupata joto polepole na kulipoteza polepole. Kwa hiyo ndani ya tembe huwa na ubaridi wakati wa jua kali, na vuguvugu katika usiku wa baridi wa Juni na Julai. Nyumba ya bati hufanya kinyume chake.

Maisha ya nyumbani

Vyumba huzunguka ua ambamo ng'ombe hulala, na samadi yao hupelekwa shambani. Mtama na mboga huanikwa juu ya paa. Nyumba ikiachwa, kuta hurudi kuwa udongo na nguzo zilizo nzima huweza kutumika tena.

Mabadiliko

Mwaka 1971 Operesheni Dodoma ilihamishia Wagogo wengi katika vijiji vya ujamaa, na tembe ikahesabiwa kuwa dalili ya kubaki nyuma. Nyumba bora ikawa ya matofali na bati, ingawa matofali ya kuchoma nayo hula kuni nyingi. Lakini tembe ina kasoro za kweli: giza, moshi, mchwa, na uzito wa paa linapolowa. Bati, kwa upande wake, hukinga maji ya mvua, jambo kubwa katika nchi kame. Miti migumu ya nguzo nayo imeadimika, hivyo hata anayetaka kujenga tembe leo hupata shida.